Viboksi 80 kutoka sampo moja: moldi za silikoni kwa sisi wa treni ndogo

Piga hesabu kidogo. Behewa moja la mizigo lenye bogi mbili (zile fremu za magurudumu chini yake) lina ekseli 4, kila ekseli ina kiboksi huku na kiboksi huku, ndo kinachobeba ncha ya ekseli, jumla 8. Ukitaka treni ya mabehewa 10, ambayo kwa Reli ya Kati hiyo ni treni fupi tu, hapo unadaiwa viboksi 80, na bado sijagusa springi, vyuma vya breki, bawaba za milango, ngazi za pembeni na vile vindoano vya kufungia turubai. Kwa skeli ya HO, yani 1 kwa 87, kiboksi kimoja kina upana wa milimita 3 hivi. Kuchonga cha kwanza raha tupu. Cha pili bado raha. Ukifika cha 12 unaanza kujiuliza kwanini hukuchagua kufuga samaki. Dawa yake ni kuchonga kimoja tu, kukimiminia silikoni ikiganda ikawa moldi, halafu humo unamimina rezini, yani plastiki ya maji inayoganda, na kutoa kopi.

Na dukani hamna. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, ukigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na njia ya karibu kabisa inayouzwa ni ya milimita 12, wenyewe wanaiita HOm. Kampuni ya Bemo inatengeneza vitu vya upana huo kwasababu ya treni za milimani za Uswisi ambazo nazo ni za mita moja kama zetu. Kwa hiyo njia na magurudumu unaweza kuagiza, ila behewa lenye sura ya huku, la TRC au la enzi za East African Railways, hilo utalijenga mwenyewe kuanzia kipande cha kwanza mpaka cha mwisho. Ndo maana kwa mtu wa Dar kujua kumimina moldi ni lazima kuliko kwa mtu wa Ujerumani, yeye anafungua katalogi anachagua, wewe katalogi ni kichwa chako na simu yako yenye picha.

Kila nikiongelea hii kitu lazima atokee mtu aulize, si uprinti tu na 3D? Swali halali kabisa. Printa ya rezini, ile inayotumia mwanga, inatoa kazi safi na sina ugomvi nayo, lakini kipande chake mara nyingi ni cha kukatika kirahisi, kinazidi kukakamaa kadiri kinavyopigwa na mwanga wa jua, na ukikiinamisha kwenye taa unaona vistari vya leya. Kwa kipande kimoja unapiga msasa unamaliza. Kwa 80 utapiga msasa mpaka uchumba uvunjike. Wanaojua wanachanganya njia zote mbili, wanaprinti kimoja, wanakisafisha kwa utulivu, wanapiga praima (rangi ya kwanza ya chini), halafu ndo wanakimiminia silikoni. Kuna mtego mmoja mkubwa hapo, nitaufikia.

Msimamo wangu kwenye haya mambo ni mmoja tu, pesa na muda viende kwenye sampo na kwenye silikoni, kwingine kote bana matumizi utakavyo. Sampo ni kile kipande cha kwanza unachokopi. Silikoni nzuri inanakili kila kitu, mkwaruzo wa msasa, alama ya kidole, tone la gundi lililochuruzika, hadi tofauti ya sehemu inayong'aa na isiyong'aa. Ukimimina sampo yenye mkwaruzo umejinunulia mikwaruzo 80.

Plastiki ya kuchongea sampo inayofaa ni polistirini, ile nyeupe ambayo ukiikwaruza na kisu halafu ukaikunja inakatika kwenye mstari. Ughaibuni wanauziwa shiti za Evergreen zilizopimwa unene kabisa, robo milimita, nusu, moja na kuendelea. Ukikosa, plastiki ya ndani ya mlango wa friji bovu mara nyingi ni polistirini hiyo hiyo, na vikombe vingi vya mtindi pia, geuza chini utafute pembetatu yenye namba 6. Waya mwembamba unatoa kwenye nyaya za umeme, zile nyuzi za shaba ndani. Riveti unazipata kwa kuchukua shiti nyembamba, unailaza juu ya kitu chenye ulaini kidogo, unabonyeza kwa nyuma na sindano butu, mbele kinatokea kichwa cha riveti. Weka rula, pima nafasi, usikisie kwa macho, manake riveti zilizopinda ndo kitu cha kwanza jicho linakamata hata kwa mtu asiyejua treni kabisa.

Vipimo navyo vinatoka wapi? Ukiwa na ndugu Nairobi nenda pale Makumbusho ya Reli, yapo tangu 1971, unazunguka vyuma vya kweli na futi kamba yako. Mpaka 1977 jumuiya ya zamani ilipovunjika shirika lilikuwa moja, kwa hiyo mabehewa ya East African Railways yaliyolala pale ni ndugu wa yaliyokuwa yanakata Dodoma na Tabora. Na kama hujawahi kuiona Mount Gelai namba 5918 kwa macho yako, ni injini ya mvuke aina ya Garratt ya daraja la 59, mashine ya tani 250 hivi iliyojengwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950, zilijengwa 34 zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Simama pembeni yake uangalie riveti na boliti na mabomba, utaelewa kwanini naongelea moldi. Kwa huku kwetu ukitaka kupima behewa lililosimama yadi omba ruhusa kwanza, usijitumbukize relini na kamera ukategemea watakuelewa.

Sasa kabla hujagusa silikoni, kaa chini uiangalie sampo yako uulize, hii itatokaje? Silikoni inavutika, kwa hiyo vijishimo na vishingo vidogo inavivumilia, lakini vitu viwili inavichukia. Cha kwanza ni tundu linalopita upande wa pili. Silikoni inaingia mle inakuwa kinguzo chembamba, kopi ya tatu ya nne kinakatika na moldi inaanza kuharibika. Weka kidoti tu cha kuonyesha pa kutoboa, halafu kila kopi uitoboe mwenyewe na drili ya mkono. Cha pili ni kitu chembamba kilichosimama peke yake, mikono ya kushikia na fimbo za breki. Chini ya nusu milimita usihangaike kukimimina, hakitajaa, na kikijaa kitakatika kwenye kukitoa. Hivo vifanye kwa waya baada ya kumimina. Kiboksi cha ekseli chenyewe ni mfano mzuri wa kipande rafiki, mgongo bapa, uso una umbo, hakina tundu, kinataka moldi ya upande mmoja iliyo wazi juu, basi.

Haya, silikoni. Usiichanganye na ile ya kuzibia madirisha ya alumini, hiyo nitairudia. Silikoni ya moldi inakuja makopo mawili, unachanganya, inaganda kuwa mpira. Zipo koo mbili, inayogandishwa kwa bati (bati metali, sio la kuezekea) na inayogandishwa kwa platinamu. Ya bati bei yake nafuu na haina makuu, ukiimimina karibu juu ya kitu chochote inaganda. Ubaya wake inasinyaa kidogo na baada ya miaka michache moldi inakuwa ngumu na kuchanika yenyewe hata kama hukuitumia. Ya platinamu haisinyai karibu kabisa na inakaa miaka mingi, ila bei imechangamka na inachagua marafiki.

Kusinyaa watu wanakuogopa bure. Tuseme silikoni yako inasinyaa nusu asilimia. Kwenye kiboksi cha milimita 3 hiyo ni milimita 0.015, hakuna jicho la binadamu linaloona. Kwenye ubavu mzima wa behewa la mita 13, ambao kwa HO ni kama milimita 150, nusu asilimia inakuwa milimita 0.75, na hapo paa ulilochonga kwa vipimo vya karatasi halitakaa. Kwa hiyo vipande vidogo nunua ya bati ulale usingizi, ubavu mzima fikiria platinamu, au tumia ya bati lakini vipande vyote vya behewa vitoke kwenye silikoni ile ile ili visinyae pamoja.

Huku kuchagua marafiki ndo ule mtego niliosema. Silikoni ya platinamu ikigusana na salfa haigandi, inabaki kunata pale ilipogusa. Salfa iko kwenye glavu za lateksi na kwenye plastisini nyingi za watoto. Ikigusana na silikoni ya bati, hata moldi ya zamani iliyokauka, pia inagoma. Na vipande vingi vilivyoprintiwa kwa rezini ya mwanga vinaizuia, hata uvioshe vipi. Kwa hiyo glavu ziwe za nitraili, plastisini itafute isiyo na salfa, na sampo ya kuprinti ipigwe praima na rangi ya kung'aa ya kuifunika kote, au achana na platinamu tumia ya bati umalize ubishi. Ukiwa na wasiwasi pakaza tone dogo sehemu isiyoonekana usubiri. Ukisahau hilo tone utakuja kuchokonoa mlenda kwenye riveti zako na mswaki.

Kwa mwenye mfuko mwembamba kuna njia mbili za pembeni, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni ile silikoni ya madirisha, ya katriji, ile inayonuka siki. Unaikamulia juu ya konfulawa, unakandakanda na glavu, ukiweka konfulawa nyingi inaganda haraka zaidi, ndani ya saa moja inakuwa mpira. Fanyia kazi nje au dirishani kwasababu ile harufu ni asidi inayotoka wakati inaganda na inawasha macho. Tatizo lake ni nzito kama unga wa maandazi, haimiminiki, kwa hiyo inaruka kona na kufungia hewa kwenye vijishimo. Kwa mawe, kuta za stesheni, magunia na mizigo ya mbao inatosha kabisa. Kwa riveti hapana.

Ya pili wengi hawaifikirii, silikoni ya madaktari wa meno. Ile putti ya rangi mbili wanayokandia kuchukua umbo la meno ni silikoni ya familia ya platinamu, inaganda kwa dakika chache tu na inanakili umbo kwa usahihi wa ajabu kwasababu meno ya bandia hayasamehi. Maduka ya vifaa vya meno wanayo. Kwa gramu ni ghali, lakini kiboksi cha ekseli kinataka kidonge kidogo tu, unakanda sawa kwa sawa, unabonyeza juu ya sampo, umemaliza moldi kabla chai haijapoa. Na wale madaktari nao wanakatazwa kuikanda na glavu za lateksi kwa sababu ile ile ya salfa, kwa hiyo usidhani nakutisha.

Kumimina sasa. Gundisha sampo mgongo chini kwenye kipande bapa cha plastiki, hakikisha hamna upenyo chini yake, silikoni inaingia popote hewa inapoingia. Zungushia ukuta. Matofali ya Lego ya mtoto yanafaa kuliko kitu chochote, unapanga ukubwa unaotaka na ukimaliza unabomoa, ila vipande vya shiti na gundi ya bastola navyo vinafanya kazi. Acha kama milimita 7 au 8 kila upande na juu ya sampo kiasi hicho hicho, ukizidisha ni kumwaga pesa. Kujua ujazo mimina mchele mle ndani, uumwage kwenye sirinji ya duka la dawa au kikombe chenye vipimo usome. Silikoni yenyewe pima kwa mizani ya sonara ile ya kusoma pointi, hasa ya bati ambayo kigandishi chake ni kidogo sana ukilinganisha na silikoni, nyingi ni 10 kwa 100 kwa uzito, soma kopo lako.

Adui hapa ni povu. Wenye pesa wana chemba ya vakyumu, na mafundi friji wa Gerezani au popote ulipo wanaweza kukugeuzia kompresa ya friji bovu ikawa pampu ya kunyonya hewa, kwa kazi yetu inajitahidi. Ila kwa vipande vya milimita 3 unaweza kuishi bila hiyo. Koroga taratibu, kwangua pembeni na chini, hamishia kikombe kingine ukoroge tena. Halafu chukua brashi laini upake silikoni nyembamba juu ya sampo yote, isukumie kwenye kila kona na kila riveti, hiyo leya ya kwanza ndo moldi yenyewe, inayobaki juu ni ya kuishikilia tu. Kisha mimina iliyobaki kutoka juu kama futi moja, uzi mwembamba, kwenye kona moja ya boksi na sio juu ya sampo, iache ijaze yenyewe ikipanda. Uzi mwembamba unapasua mapovu yakiwa njiani. Ukitaka kuongeza, washa mashine ya kunyolea uigusishe mezani dakika kadhaa, mtetemo unayapandisha juu. Kisha ondoka. Nyingi zinataka usiku mzima, kwa joto la huku zinawahi kidogo, lakini hakuna tuzo ya kufungua mapema.

Kipande chenye sura pande zote, tuseme bafa au kichwa cha bomba la vakyumu breki, kinataka moldi ya nusu mbili. Unakizamisha nusu kwenye plastisini, unalainisha mstari wa kukutania kwa uvumilivu wote ulionao, unatoboa vijishimo pembeni na nyuma ya brashi ili nusu mbili zije zikae mahali pake, unamimina nusu ya kwanza. Ikiganda unageuza, unatoa plastisini bila kuitikisa sampo, na hapa sikiliza vizuri, silikoni inashika silikoni mwenzake. Na vitu vingi hainati, ingawa kioo inaweza kukishika, ila yenyewe kwa yenyewe inaungana moja kwa moja. Kwa hiyo paka kitenganishi, Vaseline iliyoyeyushwa kwenye tapentaini ya rangi, leya nyembamba sana ya brashi, mpaka kila sehemu ya silikoni ile ya kwanza imeguswa. Ndo umimine nusu ya pili. Njia ya kuingizia rezini iweke iingilie chini ya kipande au pembeni pasipoonekana, na kila sehemu ya juu ambako hewa itakimbilia kata kijinjia chembamba cha kutokea. Hewa isiyo na mlango inabaki, na pale ilipobaki patakuwa tundu.

Tukija kwenye rezini, hapa ndo hali ya hewa ya pwani inatuchapa. Rezini ya kumiminia inayopendwa duniani ni poliurethani, unachanganya nusu kwa nusu, dakika 2 au 3 inageuka nyeupe, dakika 15 hadi 30 unatoa kipande kigumu kinachochongeka vizuri. Wale Wamarekani wanaouza mabehewa ya kuunga ya rezini, Funaro & Camerlengo na wenzao, mchezo wao wote ni huu. Lakini sehemu moja ya hiyo rezini ni aisosayaneti, na aisosayaneti ikikutana na maji inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Maji yenyewe sio lazima uyaone, unyevu wa hewani wa Dar mwezi wa nne unatosha. Unamimina vizuri, dakika ya pili inaanza kuumuka kama soda, unatoa kiboksi kimejaa vitundu. Watu wanalaumu rezini feki kumbe ni hewa.

Dawa yake, kwanza fungua chupa sekunde chache tu, chota na sirinji kavu kabisa, funga. Kabla ya kufunga minya chupa hewa itoke. Chupa ikae ndani ya mfuko wa zipu pamoja na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, usivitupe tena maishani mwako. Vijiti vya mbao vya kukorogea vinabeba unyevu, tumia plastiki. Moldi nayo, kama imekaa wazi siku nyingi, ipashe joto kidogo ikauke. Na kama una chumba chenye AC fanyia humo, AC inakausha hewa pamoja na kupooza, utashinda mambo mawili kwa mpigo. Usiweke chupa kwenye friji halafu ukaifungua mezani ikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu utageuka majimaji ndani ya chupa na umejiumiza mwenyewe.

Joto lenyewe ni stori nyingine. Muda ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida ni wa nyuzi 23. Kanuni ya mkono mmoja ya kemia inasema kila nyuzi 10 zikiongezeka mambo yanaenda karibu mara mbili, kwa hiyo ile dakika 3 kwenye chumba cha nyuzi 33 tegemea kama dakika moja na nusu. Panga kila kitu kabla hujachanganya, moldi zikae kwa mstari, vijiti vya meno karibu, simu mbali. Ukiweza kuagiza nunua rezini ya muda mrefu, tofauti ya bei ni ndogo na utulivu wa moyo ni mkubwa. Na fungua madirisha ukimaliza, vaa glavu, aisosayaneti sio kitu cha kuvuta, hasa mwenye pumu akae mbali nayo, na ukipiga msasa vipande piga kwa maji vumbi lisipande.

Wenye kukosa poliurethani kabisa, epoksi inafanya kazi. Haisumbuliwi na unyevu kiasi hicho, lakini ya kawaida inakula siku nzima kuganda na ikikauka haina ule ulaini wa kuchongeka. Kwa viboksi vichache hata Araldite ya dakika 5 ukiipasha kidogo inateremka vizuri kwenye moldi. Rezini ya polyesta, ile wanayotumia mafundi wa faiba kwenye boti na mabampa, ipo kila mahali na bei nzuri, ila inasinyaa zaidi, harufu yake inakaa nyumbani siku tatu mama watoto ananung'unika, na inaichosha moldi haraka. Mimi hiyo naiachia mabampa.

Kwenye moldi ya wazi, kabla ya kumimina puliza poda ya mtoto kidogo sana kwenye moldi na upulize itoke yote, itakayobaki inaisaidia rezini kutambaa kwenye kona. Dondosha tone kwanza, lisukume na kijiti cha meno mpaka kila kona imelowa, ndo ujaze, ijae mpaka ivimbe kidogo juu. Kisha laza juu yake kipande cha ile plastiki ngumu angavu wanayobandika juu ya ripoti steshenari, ishushe ukianzia upande mmoja ili hewa ikimbie upande wa pili, weka taili juu. Kinachotoka kina mgongo bapa kama kimepigwa randa na ngozi nyembamba pembeni inayokatika kwa ukucha. Hii mbinu ya plastiki ya ripoti peke yake imeniokolea msasa mwingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kuna jambo la hesabu ambalo video hazisemi. Kiboksi cha milimita 3 kwa 4 kwa 2 kina ujazo wa mililita 0.024. Nane ni mililita 0.2, ambayo hakuna sirinji itakayokupimia nusu kwa nusu kwa uhakika. Kiwango cha chini ambacho naamini uwiano wake ni mililita 1 na 1, jumla 2, yani mara 10 ya unachohitaji. Kwa hiyo usimimine kamwe ukiwa na moldi moja mezani. Weka pembeni moldi za akiba, magunia, mapipa, mataruma, matofali, kitu chochote ambacho mandhari yako itakimeza, ile rezini inayobaki iende huko badala ya kugandia kikombeni. Na ukishapata viboksi vinane vizuri vya kwanza, chagua visivyo na dosari, vigundishe kwenye plastiki bapa, tengeneza moldi ya pili inayotoa nane au kumi na sita kwa mpigo. Sampo ya kwanza kabisa irudi kwenye kopo lake, usiichoshe. Ila ishia kizazi hicho cha pili, ukianza kukopi kopi ya kopi riveti zinalainika na kile kisinyao kidogo kinaanza kujumlishana.

Mapovu yakikushinda kabisa wenzetu wanatumia tenki la presha, wanaweka moldi iliyomiminwa ndani na kuishindilia hewa ya psi 40 hadi 60 mpaka igande, povu linabanwa mpaka halionekani. Linalotumika ni tenki la kupulizia rangi lenye valvu ya usalama. Presha kuka ya maharage hapana jamani, ile imeundwa kwa psi 15, usije ukasoma hapa ukaenda kuua mtu jikoni.

Vipande vikitoka vioshe na sabuni ya vyombo na mswaki, vikauke, ndo upige praima, bila hivyo rangi itabanduka na ukucha. Gundi ya plastiki ile inayoyeyusha polistirini haishiki rezini hata kidogo, haina cha kuyeyusha pale, tumia supagluu au epoksi. Kitundu cha povu kilichobaki unakiziba na tone la supagluu na poda ile ile ya mtoto, ikishakuwa ngumu wahi kukisawazisha kabla haijakomaa zaidi ya rezini yenyewe.

Moja la kugombana, manake najua litakuja. Ukinunua kipande cha kampuni ya mtu, ukakikopi kukarabati behewa lako lililopoteza kimoja, hakuna atakayekuja kukupigia hodi. Ukikikopi ukaanza kuuza ni wizi, hata kama mwenyewe yuko mbali na hatajua. Wengi wa hao wauzaji ni mtu mmoja na mkewe garejini, wameumia kwenye sampo kama wewe ulivyoumia. Na huku kwetu hakuna hata sababu, kuna mabehewa ya bogi ya Reli ya Kati ambayo sijaona mtu aliyeyachongea sampo bado, chonga lako uwauzie wao.

Moldi ikipumzika iache na kopi yake ndani, inashikilia umbo, ilaze bapa kwenye boksi lenye kifuniko mbali na jua. Ya bati andika tarehe juu na kalamu ya maka. Dazeni kadhaa za kopi itatoa kabla kona hazijaanza kukauka na kuchanika, kwa hiyo ukiona bado inatoa safi, mimina vya ziada hata kama mabehewa yake hujayaanza, viboksi havigombanii nafasi na mtu, na behewa la mafuta utakalotaka kujenga mwakani litakuwa na ekseli 4 vile vile.